Tatizo la Kinyume la Joto na Istiari ya Nyuki: Mifano Kutoka Meru na Embu

Katika viwanda vya majani chai vya Meru na Embu, kama vile Githongo, Imenti, Mungania na Rukuriri, kuni huchomwa ili kuchemsha maji ya boila; mvuke hupasha hewa moto, na hewa hiyo hukausha majani. Mhandisi atakaye kupunguza kuni hana budi kujua joto lipitalo katika ukuta wa boila kwa upande wa ndani, mahali ambapo ni shida kipimajoto kudumu. Awezalo ni kupima upande wa nje, kisha kurudi nyuma kwa hesabu hadi kwenye chanzo. Hilo ndilo liitwalo tatizo la kinyume la usafiri wa joto: tokeo lajulikana, sababu yatafutwa.

Neno kinyume lenyewe laweza kupotosha. Katika mchezo wa lugha wa pwani uitwao Kinyume silabi hugeuzwa mahali, na ajuaye kanuni huzirudisha zote pasipo kupotea hata moja. Joto halirudishiki hivyo. Lipitapo ukutani hufifiza alama zake: kina kikizidi mara 2, muda wa kupenya huzidi takriban mara 4, na mishtuko ya moto hufika nje ikiwa imelainika. Kwa hiyo sababu mbili zilizo mbalimbali sana huweza kutoa vipimo vinavyokaribiana, na kosa dogo la kipimajoto likazaa kosa kubwa la jibu. Mnamo 1902 Mfaransa Jacques Hadamard alieleza kwamba tatizo lililoundwa vema lazima liwe na jibu, na jibu hilo liwe moja tu. Baadaye likaongezwa sharti la kwamba jibu lisitikiswe na badiliko dogo la vipimo. Aghalabu ni hili la mwisho linalovunjwa na joto.

Wanaisimu si wageni wa jambo hili. Kimeru na Kiembu vina njũkĩ, Kiswahili kina nyuki. Kutokana na maneno hayo yaliyo hai mtaalamu hukisia umbo la lugha mama ambalo hakuna aliyepata kulisikia, naye pia hukuta maumbo zaidi ya moja yanayoridhisha ushahidi.

Nyuki hao hao ndio waliotumiwa kutafutia majibu. Mwaka 2005 Dervis Karaboga wa Uturuki alipendekeza algoriti ya kundi bandia la nyuki. Kila chanzo cha chakula ni kisio moja la joto lisilojulikana. Kwa kila kisio hukokotolewa vipimo ambavyo vingepatikana nje, vikalinganishwa na vile vilivyopatikana kweli. Tofauti ikiwa ndogo, chakula ni kingi. Nyuki watendaji huchunguza jirani ya kisio lao, watazamaji hufuata penye neema, na chanzo kisichoboreka baada ya majaribio kadhaa huachwa, mpelelezi akatumwa kokote kwa bahati nasibu. Wafugaji wa Mbeere na Tharaka, watundikao mizinga ya magogo mitini, hawangeona ajabu katika mwenendo huo. Kabla yake kulikuwa na siafu na sisimizi wa Marco Dorigo, 1992, na makundi ya chembe ya Kennedy na Eberhart, 1995.

Hata hivyo nyuki hawaondoi ugonjwa wa tatizo. Hutafuta kisio lenye tofauti ndogo kuliko yote, na iwapo makisio mengi yalingana, hawana la kuchagulia. Hapo lazima mtafiti aongeze sharti lake, kwa mfano kwamba joto lisirukeruke ovyo, kama alivyofanya Mrusi Tikhonov mnamo 1963.

Kenneth Sörensen, katika makala iliyotoka 2015, alilalamika kwamba wanyama wapya huzidi kuletwa ilhali hesabu iliyo chini yao ni ile ile. Lawama hiyo yawahusu watunga istilahi moja kwa moja. Istiari ikitafsiriwa peke yake, mwanafunzi atapata mzinga, malkia na asali, asipate kazi ya kulinganisha vipimo. Yafaa basi istilahi ianzie kwenye kazi: mathalani utafutaji wa makundi, na nyuki wafuate kama mfano.