Ukipasuliwa Mara Moja, Ni Lazima Upasuliwe Tena?

Tuseme dada yako alijifungua kwa operesheni miaka mitatu iliyopita. Sasa ana mimba ya pili, na nyumbani kila mtu ana lake. Shangazi anasema, "Ukishapasuliwa mara moja ndio basi, kila mtoto ni kisu." Bibi naye anasema, "Mbona sisi tulizalia nyumbani na tuko hai?" Je, nani msema kweli?

Maneno ya shangazi yana historia. Mwaka 1916 daktari mmoja wa Marekani, Edwin Cragin, aliandika kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa siku zote. Wakati ule mji wa mimba ulipasuliwa kwa wima, kuelekea juu. Kovu la namna hiyo ni dhaifu. Siku hizi madaktari wengi hupasua kwa kukingama, sehemu ya chini, na kovu lake ni imara zaidi. Kati ya akina mama 100 wenye kovu moja la namna hii wanaojaribu kuzaa kwa njia ya kawaida hospitalini, zaidi ya 70 hufanikiwa.

Lakini bibi naye asishangilie. Katika akina mama wapatao 200 wanaojaribu, mmoja kovu lake huachia wakati wa uchungu. Hapo mama na mtoto wanaweza kufa wasipopasuliwa haraka. Kwa hiyo nyumbani hapana, na zahanati isiyo na chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa, hapana pia.

Basi si bora apasuliwe tu? Ngoja kwanza. Operesheni nayo ina hatari zake: kutoka damu nyingi, kidonda kuingia vijidudu, na kuchelewa kupona. Tena kila operesheni inaongeza uwezekano wa kondo la nyuma kunasa kwenye kovu katika mimba zinazofuata.

Dada yako aende kliniki mapema, amuulize daktari au mkunga maswali haya:

1. Nilipasuliwa kwa nini? Kama mtoto alitanguliza matako, huenda safari hii amekaa vizuri.

2. Mji wa mimba ulipasuliwa vipi? Alama ya nje kwenye ngozi haitoshi kujua.

3. Nimepasuliwa mara ngapi, na nimewahi kuzaa kawaida? Aliyewahi ana nafasi nzuri zaidi.

4. Nimepumzika vya kutosha? Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine.

Majibu mengi yamo kwenye karatasi aliyopewa alipotoka hospitali. Itunzwe kama cheti cha shule!

Na wewe mwanafunzi, usidhani haya ni ya wakubwa tu. Msichana ambaye nyonga yake haijakomaa yuko katika hatari zaidi ya mtoto kukwama, na kovu la umri wa miaka 15 litamfuata katika kila mimba. Kungoja ni kinga. Nanyi kaka zetu, mna kazi: tafuteni gari na nauli mapema, kabla uchungu haujaanza usiku wa manane.

Uamuzi ni wa dada yako, akishauriwa na wataalamu. Shangazi na bibi wamsindikize.