Kabla ya Chuo: Utangulizi wa Unasihi wa Kielimu kwa Wazazi wa Morogoro

Mzazi, kurasa hizi ni zako na za akina shangazi, wajomba na bibi, kwa maana kuanzia Mgeta hadi Matombo mtoto wa sekondari hulelewa na wengi. Zinakufungulia taaluma inayoitwa unasihi wa kielimu. Kwa maneno mepesi, ni elimu ya kumsaidia kijana ajifahamu, azielewe njia za masomo zilizo mbele yake, na awe na afya ya mwili na ya akili ya kuzifuata. Katika shule zetu nyingi kazi hii hubebwa na mwalimu wa malezi, ambaye naye ana vipindi vyake vya kufundisha na madaftari ya kusahihisha. Hawezi kuimaliza peke yake, na ndiyo sababu ninakuita.

Huenda unajiuliza: mimi niliishia darasa la saba, nitamwambia nini mtoto aliye kidato cha nne? Swali hilo ni la haki, na jibu lake linatia moyo. Unasihi haukudai ujue Fizikia. Unakudai mambo matatu: ujue ngazi ya elimu ilivyopangwa, ujue uamuzi gani hufanyika lini, na umjue mwanao. Mawili ya kwanza nitakueleza. La tatu unalo tayari kuliko mwalimu yeyote.

Tuanze na msingi, nao ni ustawi wa mwanafunzi, yaani hali yake nzima: analala wapi, anakula nini, anamwogopa nani, ana nani wa kumwambia. Wazazi wengi hukimbilia kuuliza habari za chuo kabla ya haya. Mimi ningependa tukae hapa kwanza, kwa sababu mipango mingi ya chuo huvunjikia hapa, miaka mitatu au minne kabla ya fomu ya maombi kujazwa.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulisambaza shule za kata nchi nzima. Watoto ambao zamani wasingevaa sare ya sekondari walipata nafasi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kata za Uluguru ni za miinuko. Kilomita tano za tambarare ya Kihonda haziwezi kulinganishwa na kilomita tano za kupanda Tawa au Kinole wakati wa masika, njia ikiteleza na mto umejaa. Mtoto akiamka saa kumi alfajiri na kurudi magharibi, hana saa za kulala. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa nane hadi kumi kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Anayelala tano, siku baada ya siku, hukaa darasani akisikia sauti ya mwalimu bila kushika maana, kisha sisi tunamwita mvivu.

Kwa hiyo familia nyingi humpangishia mtoto chumba karibu na shule. Wanafunzi wenyewe hukiita geto. Ninaielewa familia inayofanya hivyo, kwani geto huokoa mwendo mrefu. Hata hivyo, binti wa miaka 15 anayeishi peke yake, anayejipikia, mwenye unga wa wiki moja na deni dukani, yuko katika hatari ambayo masomo ya ziada hayawezi kuiondoa. Kijana wa bodaboda anayempa lifti ya bure na chipsi za jioni anaijua njaa yake mapema kuliko mwalimu wa malezi. Pale ambapo hosteli ya shule haipo, wazazi wa kitongoji kimoja wanaweza kuungana wakapanga nyumba moja, wakamwomba mama mmoja wa makamo alale na watoto, na kila familia ikaleta mahindi na maharage yake. Gharama hugawanyika, na mtoto anakuwa na mtu wa kumuuliza "umekula?". Hata ikitokea binti amepata ujauzito, usimfungie njia: tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo, akiwemo aliyejifungua, arudi shuleni.

Kuna na upande wa akili. Neno utakalokutana nalo ni sonona: huzuni nzito au kukosa hamu ya kila kitu, inayodumu kwa muda wa wiki mbili au zaidi na kumzuia mtu kuishi kama kawaida yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo fulani la afya ya akili. Dalili zake hutatanisha, maana kwa kijana sonona mara nyingi huja na sura ya hasira, ukaidi au kushuka ghafla kwa alama. Kabla ya kuchukua fimbo, uliza. Ukiona mtoto anajitenga, halali, hali, au anatamka kwamba heri asingekuwepo, mwone mwalimu wa malezi, nenda kituo cha afya, au mwone afisa ustawi wa jamii. Ipo pia namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, inayopigwa bila malipo. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Ukitaka mfano wa shule iliyojengwa juu ya msingi huu, tazama Mazimbu, hapa hapa mjini kwetu. Baada ya machafuko ya Soweto ya mwaka 1976, vijana wa Afrika Kusini walikimbilia uhamishoni, na chama cha ANC kikapewa eneo Mazimbu kujenga shule iliyokuja kuitwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Wanafunzi wale walikuwa wameona risasi na kuacha mama zao nyuma. Waliojenga shule ile hawakuishia kwenye madarasa: waliweka mashamba, hospitali, na kituo cha kulelea watoto wadogo. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Chakula, tiba na malezi vilihesabiwa kuwa sehemu ya elimu, na naamini walikuwa sahihi.

Sasa tupande ngazi. Sekondari ina hatua mbili: kidato cha kwanza hadi cha nne, kisha cha tano na cha sita. Mwanafunzi hupimwa kitaifa kidato cha pili, hufanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, na wa kidato cha sita mwezi Mei. Mitihani hii huendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umeleta mikondo miwili: wa jumla, wenye masomo tuliyoyazoea, na wa amali, ambao mwanafunzi husoma pia fani ya kazi.

Baada ya kidato cha nne njia ni zaidi ya moja, na hapa ningependa uondoe dhana moja. Kidato cha tano si njia pekee ya kufika chuo kikuu. Mwanafunzi anaweza kwenda chuo cha kati, akapata astashahada, yaani cheti cha ngazi ya kwanza ya taaluma, kisha stashahada iliyo juu yake. Mwenye stashahada yenye wastani usiopungua 3.0 anaweza kuomba shahada, ile digrii ya kwanza ya chuo kikuu. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA navyo vipo, kimoja kikiwa Kihonda. Mtoto aliyepenya kwa njia hizi hajashindwa. Amepita upande mwingine wa mlima.

Anayekwenda kidato cha tano huchagua tahasusi, yaani kundi la masomo matatu atakayoyasoma kwa kina. PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. HGL ni Historia, Jiografia na Kiingereza. EGM ni Uchumi, Jiografia na Hisabati. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi nyingine nyingi mpya. Mtoto huzichagua kwenye fomu ambayo wanafunzi huiita selfomu. Lakini uamuzi wenyewe huanza mapema zaidi. Mwanafunzi aliyeacha Fizikia anapoingia kidato cha tatu amekwisha kuaga uhandisi na udaktari, na mara nyingi hakuna mtu mzima aliyemwambia. Kama utakumbuka jambo moja tu kutoka kwangu, likumbuke hili: mazungumzo ya chuo ni ya kidato cha pili.

Jambo linalowachanganya hata walimu ni pointi, basi tuende taratibu. NECTA huhesabu kwa namna ambayo pointi chache ndiyo ushindi. Kidato cha sita, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Masomo matatu ya tahasusi hujumlishwa na kutoa divisheni. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hugeuza hesabu: kwake A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na pointi nyingi ndiyo ushindi. Kiwango cha chini cha kuomba shahada ni ufaulu mkuu, yaani alama kati ya A na E, katika masomo mawili yanayohusika na kozi, yakitoa jumla ya pointi 4.0.

Chukua wanafunzi wawili. Wa kwanza amepata E, E na E. NECTA itamhesabia 5 mara tatu, pointi 15, divisheni ya tatu. Wa pili amepata D, D na F: 4, 4 na 7, nazo ni 15, divisheni ile ile. Nyumbani wote wawili wamechinjiwa kuku. Kwa TCU, masomo mawili bora ya wa kwanza yanatoa 2, hayatoshi. Ya wa pili yanatoa 4, anaweza kuomba. Ndiyo maana divisheni peke yake haikuambii kama mtoto atapata udahili, yaani kukubaliwa rasmi chuoni. Tazama alama za kila somo, kisha usome Mwongozo wa Udahili wa TCU, kwa sababu kila kozi ina masharti yake juu ya kile kiwango cha chini.

Ada za kidato cha tano na sita zilifutwa mwaka 2022, lakini chuo kina gharama. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukopesha wahitaji kwa ajili ya ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo. Ni deni: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi alimalize. Waombaji wengi huangushwa na karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, na jina lililo humo lilingane na la vyeti vya mtihani. Kwa mtoto aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho huhitajika.

Neno kuhusu nani aketi kikaoni. Kwa jadi Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake na juu ya ardhi ya ukoo. Shule inayomwita baba peke yake inaweza kuzungumza saa nzima na mtu asiye na neno la mwisho. Mjomba akielewa tofauti ya stashahada na shahada, ukoo mzima umeelewa.

Basi kikao cha wazazi kijacho kikiitishwa, nenda, hata kama kabichi zinasubiri gari la Dar es Salaam. Mwulize mwalimu wa malezi ni masomo gani mwanao anafikiria kuyaacha, na kwa nini. Mwulize mwanao analala saa ngapi. Na kabla hujaondoka, pita ofisini ukatazame jina lake lilivyoandikwa kwenye usajili wa mtihani, herufi kwa herufi.