Injini Ndogo Haina Nguvu ya Kupoteza

Injini yangu ya kwanza ya hewa moto ilizunguka dakika mbili, ikasimama. Nikaiacha ipoe, nikawasha tena taa ya spiriti, ikazunguka dakika mbili nyingine, ikasimama. Mke wangu, aliyekuwa akipeta mchele mlangoni mwa banda, akauliza kama imechoka. Sikumjibu vizuri. Nilikuwa nimeikereza kwa miezi mitatu, kila kipande kimepita kwenye mikromita, na vipimo vyote vilikuwa sawa na ramani. Wiki nzima nilitafuta kosa kwenye vipimo, na halikuwako huko.

Kabla ya kosa, injini yenyewe. Ni ya aina aliyoibuni Robert Stirling, mchungaji wa kanisa huko Uskoti, aliyeikatia hataza mwaka 1816. Miaka miwili baadaye moja ilikuwa ikivuta maji kwenye machimbo ya mawe Ayrshire. Haina petroli, haina plagi, haina valvu. Ndani yake imefungiwa hewa ileile siku zote, upande mmoja unapashwa moto na wa pili unapozwa. Hewa ikipata moto hutanuka na kuisukuma pistoni. Ikipoa husinyaa, na hewa ya nje huirudisha pistoni ndani. Kinachoipeleka hewa huku na huko ni kihamishi: kopo jepesi lililozibwa, linalopanda na kushuka ndani ya bomba likiacha nafasi ya kama milimita 1 pembeni ili hewa ipite. Krenki hupangwa ili kihamishi kiitangulie pistoni kwa robo mzunguko. Ndiyo maana inapendwa na watu wenye mashine moja ya kukereza nyumbani: vipande ni vichache na vyote vinaonekana.

Uingereza mchezo huu ni wa zamani. Percival Marshall alianzisha jarida la Model Engineer mwaka 1898, na mashine ndogo ya kukereza ya Myford ML7, iliyoanza kutoka kiwandani Beeston, karibu na Nottingham, mwaka 1946, ilijaza vibanda vya nyuma ya nyumba nchini humo. Lakini ukimpa fundi aliyezoea injini za lori ramani ya injini ya kukaa kiganjani, atakosea palepale nilipokosea mimi. Ataichukulia kuwa injini kubwa iliyopunguzwa.

Chukua injini yoyote, ugawe kila urefu wake kwa 10. Eneo la kuta zake limegawanywa kwa 100. Ujazo wa hewa iliyomo umegawanywa kwa 1,000. Kwa hiyo kila tone la hewa sasa lina ukuta mara kumi zaidi wa kulinyang'anya joto lake. Msuguano nao haupungui kwa kasi ya nguvu. Na mwanya kati ya pistoni na silinda ndio hasa unaokataa kupungua, kwa kuwa mkono na kisu vina mwisho wao. Hewa inayovuja kwenye mwanya mwembamba haiongezeki sawasawa na mwanya: ukiuongeza mara mbili, kinachovuja huongezeka mara nane. Injini ya lori ikivujisha kidogo, dereva hatajua. Yangu, ambayo nguvu yake yote haifiki wati moja, ikivujisha kiasi hicho haizunguki kabisa.

Basi kazi nzima iko kwenye silinda na pistoni, vingine ni mapambo.

Silinda niliichonga kwenye kipande cha kasti kutoka puli kuukuu, tundu la ndani milimita 20. Kasti ni chuma kizuri kwa kazi hii kwa sababu kina grafiti ndani yake, kinajilainisha chenyewe. Kisu cha kupanua tundu ni kirefu na chembamba, nacho hupinda kidogo kikikata. Kwa hiyo kwenye pito la mwisho hukisogezi kisu hata kidogo. Unakirudisha njia ileile mara mbili, mara tatu, nacho kitaendelea kutoa vumbi, kikimalizia kile kilichokwepa. Baada ya hapo ni kusugua kwa fimbo ya alumini iliyopasuliwa nchani ili itanuke kidogo, ikipakwa pesti ya kusagia valvu.

Hapa mafundi wa gereji hujikwaa. Wamezoea kusagia valvu pamoja na kiti chake, nao wanasugua pistoni ndani ya silinda yake kwa pesti. Usifanye hivyo. Chembe za pesti hujikita kwenye chuma kilicho laini zaidi na kukaa humo. Fimbo ya kusugulia inapaswa kuwa laini kuliko silinda ili chembe zing'ang'anie fimbo, zisiing'ang'anie injini. Pistoni husuguliwa peke yake, kwa pete ya nje. Mwisho unaosha vyote kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji moto, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe.

Kipimo cha mwisho hakihitaji chombo. Simamisha silinda, kavu kabisa, achia pistoni juu: inapita kwa uzito wake na kuanguka kiganjani. Sasa ziba chini kwa kidole, uiachie tena. Inashuka kidogo, inasita, halafu inakaa juu ya mto wa hewa ikizama polepole kama jani la chai kikombeni. Ukiondoa kidole inaporomoka. Nimeshawaonyesha watoto wa jirani jambo hilo zaidi ya mara kumi na bado wanalitaka. Mwanya wa pistoni yangu ulikuwa milimita 0.01 kwa kipenyo, sehemu ndogo tu ya unene wa unywele.

Sasa kosa. Pistoni niliifanya ya alumini ili iwe nyepesi. Kila digrii moja ya joto hurefusha alumini kwa sehemu 23 katika milioni. Kasti hurefuka kwa 11 tu. Silinda na pistoni zikipanda digrii 50, pistoni ya milimita 20 hunenepa kwa milimita 0.023, na tundu hupanuka kwa 0.011. Tofauti ni 0.012, na mimi nilikuwa nimeacha 0.01. Pistoni ilikuwa ikikaza, injini ikisimama, ikipoa inaachia. Nilikereza pistoni nyingine kutoka kasti ileile ya puli, ikazunguka mpaka spiriti ikaisha. Wasio na mashine hutumia njia nyepesi kuliko yangu: bomba la sindano la kioo kama silinda, na pistoni ya grafiti. Kioo na grafiti hurefuka kwa viwango vinavyokaribiana, kwa hiyo mwanya haubadiliki sana.

Mawili mengine kwa haraka. Kofia ya upande wa moto usiifanye ya shaba nyekundu, ingawa kila anayeanza huipenda kwa sababu inapitisha joto vizuri. Inalipitisha hata kule usikotaka, mpaka upande wa baridi unakuwa moto na injini inakosa tofauti ya kuiendesha. Stenlesi nyembamba hupitisha joto zaidi ya mara 20 chini ya shaba, na hapa hiyo ndiyo sifa. La pili: beringi mpya hujaa grisi nzito. Zioshe kwa petroli, kisha uzipe tone moja la mafuta ya cherehani. Injini yangu iliongeza mwendo mara moja, kwa masikio tu nilisikia.

Mwaka 1983 Ivo Kolin, profesa wa Zagreb, alionyesha injini ya aina hii inayoendeshwa na maji ya moto tu, bila taa yoyote. Ninayoichonga sasa ni ya jamaa hiyo, ya kukaa juu ya kikombe cha chai. Tatizo lake Dar es Salaam ni upande wa juu, ule wa baridi: mwezi wa Februari hewa ya banda ni digrii 33, chai ikishuka kidogo tu tofauti imeisha. Nimejaribu kitambaa kibichi juu ya sahani ya baridi, na unyevu wa pwani haukiachi kikauke upesi, kwa hiyo hakipozi sana. Barafu kipande kimoja huiongezea kama dakika kumi.