Je, Wajua? Nanga nne za tezi

Merikebu iliyombeba Mtume Paulo kwenda Roma ilikuwa na watu 276 na shehena ya ngano. Matendo ya Mitume, sura ya 27, inasimulia kuwa usiku wa 14 wa dhoruba mabaharia walipima kina: pima 20, mbele kidogo, 15. Kwa kuhofia miamba, walishusha nanga nne, tena za tezi, yaani nyuma ya chombo, ambazo huacha omo, yaani mbele yake, ikielekea pwani. Kufanya hivyo gizani kunataka moyo mkubwa! Kisha hofu ikawashinda, wakajaribu kutoroka na mashua. Askari wakakata kamba zake. Kulipokaribia kucha, Paulo alitwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akala. Merikebu ilivunjika, lakini wote walifika Malta wakiwa hai.