MANUKATO YA KALE NA CHUPA ZAKE

Ukiwekewa mezani chupa mbili za manukato, moja imejaa na nyingine tupu, utachagua ipi? Bila shaka utaichukua iliyojaa, tena haraka! Hata hivyo, wako watu duniani ambao wangeikimbilia hiyo tupu na kuilipia pesa nyingi, mradi iwe ya zamani na isiwe na ufa. Watu hao ni wakusanyaji wa manukato ya kale. Katika makala haya nitaeleza historia ya manukato na chupa zake, jinsi zinavyokusanywa, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi pia.

Mwanadamu alianza kwa moshi. Neno ambalo Wazungu huyaitia manukato limetokana na Kilatini, na maana yake ni "kwa moshi". Mtu wa Pwani hatashangaa, kwani kwao udi na ubani huchomwa chetezoni hadi leo. Huko Mesopotamia, kibao cha udongo cha yapata mwaka wa 1200 kabla ya Kristo kinamtaja mwanamke aitwaye Tapputi, aliyetengeneza manukato ya ikulu. Wamisri wa kale nao walihifadhi mafuta ya kunukia katika vyombo vya mawe laini, na baadaye vya kioo.

Katika karne ya 9, mwanachuoni Al-Kindi aliandika kitabu kuhusu manukato, akaeleza namna ya kuchemsha vitu vinukavyo na kuukusanya mvuke wake. Ujuzi wa aina hiyo ndio unaotupa marashi ya waridi. Marashi nayo yakapata chombo chake, yaani mrashi: tumbo la mviringo, shingo ndefu nyembamba, na kichwa chenye vitundu vya kunyunyizia. Mrashi umekuwa ukitumika Lamu, Mombasa na Unguja kuwakaribisha wageni harusini na maulidini.

Huko Ulaya, Mwitaliano Johann Maria Farina alihamia mji wa Köln, Ujerumani, na katika karne ya 18 akauza maji ya kunukia yaliyopewa jina la mji huo. Siku hizo muuzaji hakuhangaika sana na chupa. Mnunuzi alipelekewa manukato katika chupa ya kawaida, kisha mwenyewe akayamimina katika kichupa chake cha fedha au cha kauri. Mambo yakaanza kubadilika. Mwaka wa 1853 kampuni ya Guerlain ilimtengenezea mke wa mfalme wa Ufaransa, Eugénie, chupa iliyonakshiwa nyuki 69.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. François Coty wa Paris hakukubaliana nao kabisa. Yeye aliona kwamba hata kizuri chahitaji nguo nzuri. Miaka michache kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza alimwendea sonara René Lalique, akamwomba amtengenezee chupa na vibandiko. Lalique akajua kutengeneza chupa nzuri kwa wingi na kwa bei nafuu kuliko zamani. Basi kuanzia hapo chupa na manukato vikawa kama pete na kidole. Chanel No. 5 ilitoka mwaka wa 1921 katika chupa ya pembe nne isiyo na mapambo. Shalimar ya 1925 ikapewa chupa kama bakuli la chemchemi yenye kizibo cha buluu. Shocking ya 1937 ikaja na chupa yenye umbo la kiwiliwili cha mwanamke!

Je, mkusanyaji hutazama nini? Kwanza, kizibo. Chupa nyingi za kale zilisuguliwa ili kizibo chake kiingie barabara, na nyingine zina nambari moja kizibo na chupa. Nambari zikitofautiana, kimebadilishwa. Pili, saini. Chupa yenye maandishi "R. Lalique" kwa kawaida ni ya kabla ya 1945, mwaka aliofariki Lalique. Tatu, shingo: ikiwa bado imefungwa kwa uzi na ngozi nyembamba, huenda haijafunguliwa kamwe. Na kizibo kikikwama, usitumie nguvu. Tia tone la mafuta, ngoja.

Adui wa manukato ni watatu: mwanga, joto na hewa. Harufu ya ndimu na machungwa hutangulia kupotea, zile nzito za miti na utomvu hudumu. Kwa hiyo chupa huwekwa ndani ya sanduku lake, kabatini, mahali pa baridi. Wala si rahisi kutengeneza upya manukato ya kale yakiisha. Ukoga wa miti ya mialoni, uliotumiwa sana zamani, umewekewa mipaka kwa kuwa huwadhuru ngozi baadhi ya watu. Paa wa miski naye analindwa asiangamizwe. Ndiyo maana mwaka wa 1990 ilianzishwa hifadhi iitwayo Osmothèque mjini Versailles, Ufaransa. Humo manukato hutunzwa gizani, kwa nyuzi 12 za Selsiasi, chini ya gesi ya agoni ili hewa isiyaharibu. Kumbe harufu nayo huwekewa maktaba!

Sasa tujiulize: maktaba yetu iko wapi? Maua ya mlangilangi, yachumwayo asubuhi mapema katika Visiwa vya Komoro, yametumiwa na watengenezaji manukato wa Ufaransa kwa miaka mingi. Wenyewe waliandika vipimo vyao, wakavifungia. Kwetu, nyanya wa Lamu huchemsha sukari, akachanganya na vipande vya miti inukayo na mafuta mazuri, akapata udi wake. Ukimwuliza vipimo atakwambia, "Tia kiasi." Hicho kiasi kimo mkononi na puani mwake, hakimo kitabuni. Mrashi ukiuzwa kwa mtalii, pengine siku moja utaonekana tena katika jumba la makumbusho. Lakini nyanya akiondoka, kiasi chake hakionekani tena popote.

Kwa hivyo, wanafunzi wenzangu, hasa mlio wa Pwani, likizo ijayo chukueni daftari na kijiko cha kupimia. Kaeni na nyanya jikoni. Kila akitia kiasi, mwombeni apitishie kwenye kijiko kwanza, muandike. Atawacheka, lakini mwacheni acheke.