Tuliwajua Lodi Lofa na Ndumilakuwili, tukamsahau aliyewachora

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

NILIKWENDA soko la Buyenzi kununua karanga, nikarudi nyumbani na karatasi.

Mama aliyeniuzia huvuka mpaka wa Manyovu mara mbili kwa mwezi kwenda Kigoma kufuata dagaa, karanga na vitenge. Alinifungia karanga zangu katika kipande cha gazeti kuukuu. Nilipokikunjua njiani, nikakutana uso kwa uso na Lodi Lofa: tai shingoni, suti imembana, mfukoni hana hata ndururu.

Niligeuka, nikarudi sokoni mbio.

"Mama, karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Baba, wewe ulinunua karanga au karatasi?" akaniuliza, na wenzake wakaangua kicheko.

Aliniambia kwamba alizinunua kwa kilo katika soko la Mwanga, mjini Kigoma. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Tanzania mwaka 2019 na hapa kwetu mwaka uliofuata, karatasi kuukuu nazo zimekuwa mali. Katika furushi lake zilikuwa zimebaki kurasa nne za Sani. Nilizilipia bei ya karanga.

Wasomaji waliokulia Ulyankulu, Katumba, Mishamo au Kigoma hawana haja ya kuelezwa Sani ni nini. Kwa faida ya vijana, ni jarida la Dar es Salaam la hadithi, vichekesho na katuni lililovuma sana miaka ya 1980. Jina lake lilitokana na silabi za kwanza za majina ya waasisi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo.

Miaka hiyo Tanzania ilikuwa na uhaba wa kila kitu, kuanzia sabuni hadi karatasi. Sisi watoto wa wakimbizi wa mwaka 1972 tulilipata jarida hilo likiwa limechelewa, limeshapita mikononi mwa watu wa Tabora mjini, jalada halipo. Aliyekuwa nalo alikuwa mfalme. Yeye alisoma ameketi, sisi wengine tukachungulia begani.

Tuliwajua wote kwa majina. Lodi Lofa, lofa asiye na kazi anayejifanya bwana mkubwa. Ndumilakuwili, ambaye jina lake linatosha kukuonya usimwamini. Pimbi na ufupi wake. Madenge, mtoto mtundu aliyewashinda wakubwa. Kila mmoja wetu alikuwa na jirani aliyefanana na mmoja wao, na jirani huyo alikuwa wa mwisho kujua.

Mkono uliowapa sura wahusika wengi wa aina hiyo ulikuwa wa Philip Ndunguru. Mimi si mtaalamu wa sanaa, ila nakumbuka tulivyokuwa tukifanya: tulifunika maandishi kwa kidole, tukaangalia picha tupu, na bado tukacheka. Jinsi mtu alivyosimama ilitosha kukuambia kwamba anadaiwa.

Ndunguru alifariki dunia mwaka 1986, akiwa bado kijana. Wachoraji wengine waliwachukua wahusika wale wakaendelea nao, na jarida likaendelea kutoka. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini ndilo pia lililotufanya tusijue kwamba kuna msiba. Aliyewachora alikuwa kaburini, nasi tulikuwa tunacheka.

Hakuwa wa kwanza kufunikwa na kazi yake mwenyewe. Kabla yake kulikuwa na Christian Gregory, aliyechora Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Mhusika huyo alipendwa hadi watu wakaanza kuita katuni yoyote ile chakubanga. Muulize mzee yeyote wa Kigoma maana ya neno hilo, atakueleza vizuri. Muulize Gregory ni nani, atakuomba umkumbushe. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi katika Taifa Leo. Juha anajulikana kuliko Gitau.

Wapo waliobahatika zaidi. Godfrey Mwampembwa, ambaye wote tunamwita Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akahamia Nairobi mwaka 1992, na sahihi yake ikawa maarufu kuliko wanasiasa wengi aliowachora. Upande wa pili wa ziwa letu, Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani mwaka 1959, alifika hadi kwa wachapishaji wa Ulaya. Mwaka 2014 alitoa Madame Livingstone pamoja na Christophe Cassiau-Haurie, hadithi ya Vita Kuu ya Kwanza inayohusu kuisaka meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, katika Ziwa Tanganyika. Wafanyabiashara wa Kigoma wanaijua meli hiyo kwa jina lake la baadaye, Liemba.

Kwa nini nayasumbukia haya? Kwa sababu ya Kiswahili changu.

Darasani tulifundishwa Kiswahili sanifu. Kiswahili cha kutaniana, cha kupatana bei na cha kumjua tapeli kabla hajafungua mkoba, mimi nilikisoma katika Sani. Familia yetu iliporudi Burundi, Kirundi changu kilikuwa kinakwaruza, na wenyeji wakatuita Watanzania. Lugha ile ya mitaani ndiyo iliyonipatia kazi ya kwanza, ya ukalimani kwa wachuuzi mpakani Kobero. Kwa hiyo nina deni kwa watu ambao sikuwahi kuwauliza majina.

Kaka yangu alibaki Ulyankulu, mmoja wa wakimbizi wa zamani zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania. Mwaka 2008, tulipokuwa tunapanga mizigo ya kurudi, mama alituambia tuchague kati ya masufuria na makaratasi. Tulichagua masufuria. Boksi langu la Sani nilimwachia kaka.

Usiku ule wa karanga nilimpigia simu.

"Mdogo wangu," alinijibu taratibu, "mchwa walilimaliza zamani. Niliogopa kukuambia."

Nilitandaza kurasa zangu nne mezani nitafute sahihi. Tatu zimekatwa pembeni ili zitoshe kuwa vifungashio vya karanga, na mkasi umepita palepale ambapo mchoraji huandika jina. Ya nne ina alama mbili za kalamu zilizoliwa na mafuta. Huenda ni Ndunguru, huenda ni mmoja wa waliomrithi. Siwezi kuapa.

Ninyi mnaovuka Manyovu, Mugina na Kobero, nawaomba jambo dogo. Mkikutana na jarida la zamani lenye picha, kabla ya kulikata, angalieni kona ya chini. Kama kuna jina, liacheni.

Juzi nilipita tena Buyenzi. Yule mama aliniona kwa mbali, akainama chini ya meza, akatoa kurasa mbili zilizokunjwa vizuri.

"Hizi sikuzikata," alisema. "Ila bei yake si ya karanga."

Nililipa.