Masista wa Consolata na Wasichana wa Nyeri

St. Cecilia ilikuwa shule ya bweni ya wasichana ndani ya misheni ya Kikatoliki ya Mathari, Nyeri, na walioiendesha walikuwa masista wa Consolata kutoka Italia. Siku hizi hutajwa zaidi kwa ajili ya mwanafunzi wake mmoja, Wangari Maathai, aliyeingia hapo akiwa na umri wa miaka 11 na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Lakini msichana wa Kikuyu kulala bwenini na kusomeshwa na watawa halikuwa jambo jepesi. Mpaka likawezekana, watu wengi walikuwa wamelihangaikia kwa karibu miaka 50, na wengi wao walikuwa wanawake.

Shirika la Consolata lilianzishwa mjini Turin na Padre Giuseppe Allamano mwaka 1901. Wamisionari wake wa kwanza walifika Tuthu, katika nchi ya Murang'a, tarehe 28 Juni 1902, wakapokewa na chifu Karuri wa Gakure. Machi 1904 walikutana Murang'a na kukubaliana namna ya kufanya kazi: kuzuru watu majumbani, kutibu wagonjwa, kufungua shule na kuandaa makatekista. Ugumu ulijitokeza mapema. Padre angeweza kuzungumza na wazee barazani, lakini hakuwa na nafasi ya kukaa na akina mama shambani au jikoni, na mama asiporidhika, binti haendi shule. Masista wa Cottolengo, nao wa Turin, walianza kuja kusaidia mwaka 1903. Mahitaji yaliwazidi, na tarehe 29 Januari 1910 Allamano akaanzisha shirika la masista wa Consolata. Kundi lao la kwanza lilikwenda Kenya mwaka 1913.

Wazazi walikuwa na sababu za kusita. Binti aliteka maji, alitafuta kuni, alipalilia na kulea wadogo zake, na siku ya kuolewa mahari yake iliwafaa ndugu zake wa kiume walipooa. Akishinda darasani, kazi hizo nani atazifanya? Tena ilihofiwa kwamba akishasoma atakataa mila, au atakosa mume. Ni makosa kuiita hofu hiyo ujinga. Wazazi waliona wazi kwamba misheni ilileta maisha ya namna nyingine, na hawakujua yangewafikisha wapi watoto wao. Kwa hiyo sista hakuweza kupiga kengele na kungoja. Ilimbidi awafuate nyumbani kwao.

Aliyefanya hivyo hadi akakumbukwa kwa vizazi ni Sista Irene Stefani. Alizaliwa mwaka 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini mwa Italia, akafika Kenya Januari 1915. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, yeye na wenzake walipelekwa kuwauguza wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza. Alihudumu Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, katika hospitali zilizojaa wagonjwa kupita kiasi. Mwaka 1920 alihamia Gikondi, Nyeri, akafundisha huko miaka 10. Alikuwa mwalimu wa darasani, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika njiani, akipanda na kushuka vilima vya Gikondi nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi wawatoe watoto na kuwazuru wagonjwa. Watu walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Mwaka 1930 alimwuguza mwalimu mmoja aliyepatwa na tauni, akaambukizwa, akafa tarehe 31 Oktoba akiwa na miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri katika ibada iliyofanyika Nyeri kwenyewe.

Wapo pia wanawake Waafrika ambao historia ya elimu huwapita haraka mno. Mwaka 1918 Askofu Filippo Perlo alianzisha huko Nyeri shirika la Masista wa Maria Imakulata, la wasichana wa nchi hiyo. Kwa familia iliyokuwa bado inasitasita, kumwona binti wa jirani amekuwa mtawa na mwalimu ulikuwa ushahidi uliopita mahubiri yoyote.

Wangari alipofika Mathari, shule za Waafrika zilikuwa zikipangwa upya kufuatana na ripoti ya Beecher ya 1949: miaka minne ya mwanzo, minne ya kati, kisha sekondari. St. Cecilia ilikuwa ya ngazi ya kati, na mtihani wa mwisho ndio uliochuja wachache wa kuendelea. Hapo alijifunza Kiingereza hadi akakimudu vizuri, akaingia Ukatoliki na Lejio ya Maria. Bweni lilimkinga pia. Tangu Oktoba 1952 Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari, na wakati wa vita vya Mau Mau mama yake alilazimika kuacha boma lake na kuhamia kijiji cha dharura huko Ihithe. Wangari mwenyewe alikuwa darasani.

Malezi hayo yalikuwa na gharama yake. Katika kumbukumbu za maisha yake Wangari ameeleza kwamba mwanafunzi aliyesikika akizungumza lugha ya kwao alivishwa alama ya aibu, na aliona kwamba desturi hiyo iliwafunza watoto kudharau asili yao. Hata hivyo aliwakumbuka masista kwa shukrani, kama watu walioacha nchi na jamaa zao kuwahudumia watoto wasiowajua. Yote mawili ni kweli, na anayesimulia historia ya shule hizi hana haki ya kuficha mojawapo.

Mwaka 1956 Wangari alimaliza St. Cecilia akiwa wa kwanza darasani, akapokewa katika sekondari ya wasichana ya Loreto, Limuru, iliyoendeshwa na watawa wengine, wa asili ya Ireland. Mwaka 1960 alipata nafasi ya kusoma Marekani, katika chuo cha masista Wabenedikto kilichokuwa Atchison, Kansas.

Baada ya uhuru mamlaka juu ya shule yalibadilika. Sheria ya Elimu ya 1968 iliweka shule za misheni chini ya usimamizi wa serikali, na makanisa yaliyozianzisha yakabaki kuwa wafadhili. Serikali ndiyo inayoajiri walimu wa shule za umma na kupanga mitaala na mitihani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imehifadhi nafasi ya mfadhili: anawakilishwa katika bodi ya shule, anatoa ushauri, na anashughulikia malezi ya kiroho ya wanafunzi.